Kurudi na Sifa bila Kupanda Mlima: Mwongozo wa Kuzuru Laare

Sogea hapa nikunong'oneze. Kila mwaka watu hununua viatu vizito, hukodi wapagazi, hutetemeka kwenye mahema siku nne au tano, kisha hurudi na neno moja: "Nilifika." Neno hilo unalitaka nawe. Usione haya, kila mtu hulitaka. Ila magoti yako yamegoma, likizo ni ya siku tatu, na karo ya watoto imeshapita mfukoni. Basi nifuate mimi. Nitakupitisha njia ya mkato kando ya Mlima Kenya hadi Laare, mji wa miraa juu ya vilima vya Nyambene, na siku ya kurudi utakuwa na mengi ya kusimulia kuliko yule aliyeganda kileleni. Na hutasema uongo hata mmoja.

1. Panda kwa macho.

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Embu na Chuka, chagua kiti cha dirishani upande wa kushoto. Mlima uko upande huo. Ondoka usiku wa manane, ili kukipambazuka uwe umeshapita Embu. Mlima Kenya una tabia ya bibi harusi wa zamani: hujionyesha asubuhi kidogo, kisha hujifunika. Jua likishapanda, mawingu hufunga, na aliyechelewa kuamka huoneshwa ukuta mweupe akaambiwa mlima uko nyuma yake.

Ukiuona, tia majina matatu kichwani. Batian, mita 5,199. Nelion, mita 5,188. Lenana, mita 4,985. Watalii wengi husema wamepanda Mlima Kenya, nao wamefika Lenana, maana vilele viwili virefu ni vya watu wa kamba na misumari. Usiwaumbue mezani. Wewe uliza tu, kwa upole, "Lenana au Batian?" Kisha nywa chai yako.

Akikujibu Batian, mpe heshima yake yote. Hapo hakuna mkato. Hata hivyo, mwambie kwamba mtu wa kwanza anayejulikana kufika huko, Mwingereza Halford Mackinder, hakufika peke yake. Ilikuwa tarehe 13 Septemba 1899, na alikuwa na waongozaji wawili aliowaleta kutoka Courmayeur, mji ulio chini ya Mont Blanc: César Ollier na Joseph Brocherel. Hao ndio waliojua kuchonga ngazi kwenye barafu. Vilele vyenyewe Mackinder alivipa majina ya malaiboni wa Kimaasai. Sisi Wameru twauita mlima wote Kirimaara, na hatukungoja mtu atoke Ulaya ndipo tuuone.

Sasa nikupe mfano wa kushindwa kwa heshima, uukumbuke kila utakapoambiwa "hukufika juu." Januari 1943, mfungwa wa vita Mwitaliano, Felice Benuzzi, alitoroka kambi ya Waingereza huko Nanyuki pamoja na wenzake wawili. Hawakutoroka ili warudi kwao. Walikuwa wamechoka kuutazama mlima kupitia seng'enge, wakaamua kwenda kuupanda. Vifaa walijitengenezea wenyewe kwa vyuma vya kuokoteza, na miongoni mwa picha walizotegemea kujua njia ilikuwamo ile iliyochapishwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Mmoja akaugua njiani. Batian ikawashinda. Wakageukia Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wakarudi kambini kwa miguu yao na kujisalimisha. Adhabu ilikuwa siku 28 za kufungiwa peke yao. Mkuu wa kambi akazipunguza zikawa 7 kwa kuvutiwa na ushujaa wao. Benuzzi aliandika kitabu juu ya safari hiyo, na hadi leo kinasomwa. Kilele kilimshinda, sifa akazipata zote.

2. Simama kwenye Ikweta.

Ukikaribia mji wa Meru kutoka Nkubu, kuna bango la Ikweta kando ya barabara. Mwambie dereva asimame dakika tano. Mguu mmoja kusini, mmoja kaskazini, picha imepigwa. Umeshatembea nusu mbili za dunia kabla ya chakula cha mchana.

Ukiwahi kupita bango la Nanyuki, utakuta vijana wenye beseni na njiti ya kiberiti wakikuonyesha maji yanayozunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Furahia, lipa, ila usiende kumfundisha mtoto wako. Mzunguko wa dunia huelekeza vimbunga na mikondo ya bahari. Beseni ni dogo mno kuuhisi. Maji hufuata mkono wa aliyeyamimina.

3. Meru mjini, nusu saa yatosha.

Ingia makumbusho, ambayo yamo katika ofisi ya zamani ya DC. Ukitoka hapo unabeba hadithi moja tu, ile ya Mbwaa. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba asili yetu ni mahali hapo, karibu na bahari, tulikotawaliwa na watu wa nguo nyekundu, kisha kiongozi wetu Koomenjwe akatuvusha maji usiku. Wanahistoria wengine huhusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu. Kama wewe ni mtu wa Pwani, hii ni zawadi kubwa: huji tena Meru kama mgeni, unakuja kudai undugu. Nimeona wazee wakicheka kwa furaha kwa dai hilo na kuagiza chai nyingine.

4. Kwa Njuri Ncheke, punguza sauti.

Baada ya Meru, kwenye barabara ya Maua, utapita Nchiru. Hapo ndipo penye makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru. Mkato wangu hapa ni huu: usiombe kuingia. Hilo si jengo la kuzurura na kamera. Baraza hili huamua kesi za ardhi na kupatanisha koo, na mzee huingia humo kwa viapo na kwa mwenendo wa maisha yake, si kwa tiketi. Simama nje, vua kofia, ulizia habari zake kwa mzee yeyote utakayekutana naye Kianjai au Maua. Utaambiwa mengi kuliko kuta zingekuambia.

5. Ingia Laare asubuhi.

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huikosea. Huja Laare saa kumi jioni, wakakuta majani makavu barabarani na watu wenye usingizi wa jana, wakasema mji hauna kitu. Laare ina saa yake. Uje wewe kwake.

Kukipambazuka, vijana huwa wameshapanda miti ya miraa. Wanachuma vichipukizi, si majani, na mkono wao huenda haraka kuliko jicho lako. Vichipukizi hushushwa, vikachambuliwa kwa urefu, rangi na ulaini, vikafungwa vifungu kwa kamba za mgomba. Vifungu vikaunganishwa kuwa bunda. Bunda likavikwa majani ya mgomba ili lisipoteze unyevu. Kisha sokoni: kelele, vidole, noti, matusi ya kirafiki, gunia juu ya gunia, na magari ya Hilux yakinguruma kwa kukosa subira.

Haraka hii yote ina sababu yake, na ukiijua umeshawapita watalii tisa kati ya kumi. Ndani ya miraa mbichi kuna kemikali iitwayo kathinoni, ndiyo humwamsha mlaji. Ikishachumwa huanza kubadilika, na kwa muda wa siku mbili hivi nguvu yake huwa imepungua sana. Mkulima wa kahawa anaweza kuweka gunia akangoja bei. Mkulima wa miraa hana kesho. Ndiyo maana Hilux hukimbia vile kuelekea Nairobi, na ndiyo maana Uwanja wa Ndege wa Wilson una ndege zinazongoja majani.

Ushauri wa dhati kutoka kwa mtu anayekupenda: simama mbali na barabara magari hayo yakiondoka. Na hata ukipewa nafasi ya bure mbele, kwa dereva, ili "ufike Nairobi upesi," kataa. Panda matatu. Barabara hii imezika watu.

6. Jifunze kusalimu, ukomee hapo.

Sema "Muga." Utajibiwa "Muga." Ukishukuru, sema "Ni bwega." Maneno haya mawili yakitamkwa kwa tabasamu yatakufungulia milango. Usijaribu la tatu siku ya kwanza. Mtu mzima mwite mzee, na mwanamke mwenye duka mwite mama, au Mama Fulani ukishalijua jina la mtoto wake. Usimwite mtu "kijana" kwa sababu ana kofia ya nyuma-mbele. Huenda ndiye mwenye Hilux tatu zile.

7. Onekana mtaalamu kwa maneno machache.

Hapa nakupa siri kubwa. Huhitaji kuijua biashara ya miraa. Unahitaji miaka mitatu tu.

Ukiketi na wazee, taja 2013, mwaka ambao Uholanzi ilipiga miraa marufuku. Nyamaza. Wataguna. Taja Juni 2014, Uingereza ilipofunga mlango wake, mlango ambao mabunda yalikuwa yakipita kihalali kila wiki. Nyamaza tena. Hapo sauti zitapanda, maana hapa kuna nyumba zilizosimama kwenye lenta tangu mwaka ule, na kuna watoto walioacha bweni wakarudi shule ya kutwa. Kisha, kwa sauti ya chini, taja Machi 2020, Somalia iliposimamisha ndege za miraa wakati wa korona, na marufuku hayo yakadumu hadi Julai 2022. Baada ya hapo huna kazi tena. Mazungumzo yatakwenda saa mbili bila wewe kufungua mdomo, na ukiaga utaambiwa kwamba wewe ni mtu anayeelewa mambo.

Nawe utakuwa umeelewa kweli, kwa sababu ulisikiliza.

8. Ikiwa utatafuna.

Wengi hutafuna ili waonekane wametafuna. Sawa. Chagua kichipukizi chembamba na laini, bandua ganda lake kwa meno, tafuna ganda, tupa kijiti. Kinachobaki kisogeze shavuni kikae hapo. Kuna uchungu, ndiyo maana wenyeji huwa na njugu, chingamu au soda mkononi. Kijiti kimoja chatosha saa nzima ukiwa mwongeaji mzuri, na hakuna atakayehesabu.

Uliza aina. Utasikia kangeta, giza, alele. Ukisikia mbaine, kaa sawa. Hiyo ni ya miti ya wazee, miti iliyopandwa na mababu, na mwenye shamba huitaja kama mtu anavyotaja jina la babu yake.

Kama hutaki kutafuna, usitafute kisingizio kirefu. Sema, "Ahsante mzee, usiku nataka kulala." Kila mtu Laare ataheshimu hilo, kwa kuwa anajua usiku wa mlaji ulivyo mrefu. Na nikuambie lililo moyoni mwangu: miraa imetujengea nyumba, na pia imewanyima usingizi, meno na mshahara wengi waliozoea kila siku. Kuna wavulana huku Igembe, eneo hili la Laare, walioshuka shuleni wakapanda mti, kwa sababu mti hulipa Ijumaa na shule hulipa baada ya miaka minane. Ukimkuta mtoto wa darasani akichuma siku ya masomo, usimpige picha ya kupendeza. Muulize anasoma wapi.

9. Omba uoneshwe mti mmoja.

Ukipata hatua hii, unaweza kukosa nyingine zote. Mwombe mwenyeji akupeleke shambani, uone mti mkongwe wa miraa. Shina lake limejipinda, limejaa vifundo na makovu ya vizazi vya wachumaji, huku matawi yakitoa vichipukizi vyekundu kama jana. Majengo ya kale ya miji ya Alps huwa na tarehe iliyochongwa juu ya mlango. Mti huu hauna tarehe. Una mzee anayekwambia nani aliupanda, nani aliurithi, na ni ng'ombe wangapi walitolewa mahari kwa mapato yake.

Na mahari yenyewe huanza na miraa. Mvulana akitaka kuoa, kwa desturi hupelekwa kifungu maalum kilichofungwa kwa adabu, kiitwacho ncoolo. Kikipokelewa, mazungumzo yamefunguka. Kwa hiyo unapoushika mti ule, shika taratibu. Usivunje kichipukizi kwa ajili ya kumbukumbu. Kila kichipukizi kina mwenyewe, na usiku kuna walinzi.

10. Simba, kwa wasiopenda kukimbiza simba.

Siku ya pili shuka Maua, uelekee lango la Murera la Mbuga ya Taifa ya Meru. Lipa kiingilio kwa eCitizen kabla hujaondoka, usije ukakwama langoni ukitafuta mtandao. Mbuga ina kilomita za mraba 870, nyasi ndefu na mito mingi, na wanyama wake hawana haja ya kuonekana nawe. Watu hukesha garini wakimtafuta simba. Wewe nenda kwa simba asiyehama: kaburi la Elsa, kando ya mto Ura.

Elsa alilelewa na George na Joy Adamson, akarudishwa mwituni katika eneo hili, akafa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe. Kitabu cha Joy kilikuwa kimetoka mwaka mmoja tu kabla, 1960, na kumfanya jike huyo ajulikane duniani kote. Joy aliuawa mwaka 1980 huko Shaba, George mwaka 1989 huko Kora. Simama hapo dakika kumi. Utakuwa umemuona simba mashuhuri kuliko wote wa Kenya, na mafuta ya gari yamebaki nusu tangi.

11. Zawadi.

Usibebe miraa kuvuka mpaka. Tanzania huiita mirungi na sheria yake haina mzaha, Uingereza na Marekani vilevile. Rafiki yako hatafurahi zawadi ikimfikia kupitia polisi. Nunua majani ya chai. Vilima hivi hivi vina chai. Kiwanda cha Kiegoi kiko hapa hapa Igembe. Nunua ndizi pia, na parachichi likiwa msimu wake. Nunua kwa mama aliyeketi kando ya barabara, wala usimbane kwa shilingi kumi ambazo hutazikumbuka ukifika Meru.

Na picha, omba kwanza. Mtu akikataa, funga kamera na uendelee na salamu. Wachuuzi wa Laare wamepigwa picha nyingi za kuonyesha ubaya wa jani, na hawajui picha yako itaandikiwa nini.

12. Ukirudi nyumbani.

Ukiulizwa kama ulipanda Mlima Kenya, jibu "Hapana," papo hapo, bila kutafuna maneno. Kisha anza na Benuzzi na karatasi ya mkebe wa nyama. Pitia Mbwaa. Fika kwenye mti wa mbaine na mzee aliyekuonyesha. Ukimaliza, mwenye picha ya kileleni atakuwa bado ameshika simu yake akingoja zamu.

Sasa panga tarehe. Januari na Februari anga huwa safi na mlima huonekana vizuri, lakini ukame huifanya miraa iwe adimu na bunda liwe ghali. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, mvua hunyesha: mlima hujifunika, barabara za mashambani huwa tope, na bunda hushuka bei. Chagua unachotaka zaidi, na uje na koti, kwa maana Nyambene kuna baridi asubuhi.